Picha Moja na Miaka 12 ya Kazi



Zamani mfanyabiashara aliyetaka mali yake ijulikane alimtuma mtu apige kengele sokoni, au aliandika jina lake kwa rangi nyekundu ukutani mwa duka. Kisha ikaja redio, na majina ya pombe na ya sabuni yakaimbwa asubuhi na jioni mpaka watoto wakayajua kuliko Katekisimu. Leo kazi hiyo yafanywa kwa simu ya mkononi. Mama anayeuza vitenge Bukavu, mwoka mikate wa Lubumbashi, kijana mshona viatu wa Kisangani, kila mmoja ana ukurasa wake Facebook, au huonyesha mali yake kwa WhatsApp tangu alfajiri. Hatafuti tu kuuza kitu kimoja leo. Atafuta jina lake likae vichwani mwa watu, hata siku watakapohitaji mkate wamkumbuke yeye kabla ya jirani yake. Jina la namna hiyo, pamoja na alama yake na sifa yake, ndilo liitwalo chapa ya biashara.

Kazi hiyo si mbaya. Mtu mwenye mali nzuri ana haki ya kuitangaza, na Injili haikutuambia tuifunike taa. Mtakatifu Fransisko wa Sales, alipoona watu wa Chablais hawataki kuja kumsikiliza, aliandika mafundisho yake katika karatasi, akazisukuma chini ya milango yao. Ndiye ambaye Papa Pio XI, mwaka 1923, alimweka kuwa msimamizi wa waandishi wakatoliki. Hatuna budi basi kuuliza swali jingine: nyuma ya picha inayotangazwa kuna nini? Twataka kulijibu kwa mfano wa kwetu, wa Kivu ya Kaskazini, ambao dunia nzima iliutazama.

Picha ya Juma Takatifu

Mnamo Aprili 2019, siku za Juma Takatifu, picha moja iliyotoka Rumangabo, makao makuu ya Mbuga ya Virunga, ilitiwa Facebook. Mlinzi wa mbuga, Bwana Mathieu Shamavu, alikuwa amenyosha mkono wenye simu na kujipiga picha mwenyewe. Nyuma yake walisimama gorila wawili wa kike, Ndakasi na Ndeze. Mmoja yuko wima kwa miguu miwili, tumbo mbele, mikono imelegea, kama mzee anayengoja kupigwa picha ya arusi. Mwingine ameinama kidogo na kuchungulia, asije akakosa kuonekana. Maneno yaliyoandikwa pamoja nayo yalikuwa machache, ya mzaha: hii ni siku nyingine tu ya kazi ofisini.

Kabla ya kwisha kwa Oktava ya Pasaka, picha hiyo ilikuwa imezunguka dunia. Magazeti na televisheni za Ulaya na Marekani ziliionyesha. Watu ambao hawakupata kamwe kusikia jina la Virunga walilitamka siku hizo, ijapokuwa wengine walilitamka vibaya.

Mbuga ilikuwa na haja kubwa ya kutajwa kwa wema. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi wa kike, Rachel Masika Baraka, kijana wa miaka 25, aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa nyara barabarani. Watalii waliachiliwa baadaye, lakini mbuga ilifungwa kwa wageni. Ilifunguliwa tena Februari 2019, miezi miwili tu kabla ya picha hiyo. Mgeni anayetaka kulipa fedha nyingi ili akae saa moja karibu na gorila wa milimani ataka kwanza kujua kama atarudi kwao salama. Hotuba ndefu za kumtuliza hazikusafiri mbali kama uso mmoja wa mlinzi aliye na furaha kazini.

Jinsi picha inavyosafiri

Yafaa tueleze jambo hili, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba kitu kikitiwa mtandaoni basi watu wote hukiona. Sivyo. Mashine za kampuni zenye mitandao hiyo huwaonyesha wachache kwanza, kisha hupima. Je, wamesimama kutazama? Wameandika neno? Wamewapelekea rafiki zao? Wakifanya hivyo, mashine huwaonyesha wengine zaidi, na hao nao hupimwa vilevile. Wasipofanya hivyo, picha yafa palepale, kama barua iliyoangukia mtoni. Mwenye fedha aweza kulipa tangazo lake lisukumwe mbele. Lakini kitu ambacho watu wenyewe wanakisambaza kina nguvu kupita tangazo la kulipiwa, kwa sababu kila mmoja amekipokea kutoka kwa mtu anayemjua na kumwamini.

Tena kurasa hizo huwa na njia ya kwenda mbele. Ukigusa, wafika mahali mbuga inapoeleza kazi yake. Huko mtu aweza kutoa msaada, au kuuliza habari za safari. Watazamaji milioni wakipita bila kugusa, mbuga haikupata kitu ila sifa. Wakigusa mia chache tu, huenda mlinzi mmoja akalipwa mshahara wake. Ndiyo maana watu wa kazi hii hawahesabu tu waliotazama. Wahesabu waliofanya kitu baada ya kutazama.

Haya yote mtu aweza kujifunza kwa siku mbili. Lakini mtu akijifunza hayo peke yake, kisha akatafuta kima wa kufuga ili apige naye picha, amekosa shina la habari.

Mwaka 2007

Ndakasi na Ndeze walikuwa yatima. Ndakasi alikuwa na umri wa miezi miwili hivi, mwaka 2007, walinzi walipomkuta ameshikamana na maiti ya mama yake aliyeuawa kwa risasi. Mtunzaji wake, Bwana André Bauma, alimweka kifuani pake usiku kucha ili apate joto asife. Mwezi wa Julai mwaka uleule, watu wenye bunduki waliingia katika jamaa ya gorila iitwayo Rugendo, wakamwua Senkwekwe, dume mkubwa aliyeiongoza, pamoja na majike. Mama yake Ndeze alikuwa mmoja wa hao. Nyama haikuchukuliwa. Wengi waliona mkono wa biashara ya makala katika jambo hilo: miti ya mbuga ilikatwa na kuchomwa ili iuzwe Goma na mahali pengine, na waliokula faida ya makala hawakuwapenda walinzi waliowazuia.

Walinzi na wanakijiji walifunga miti pamoja, wakamlaza Senkwekwe juu yake, wakambeba mabegani katikati ya majani marefu, kama watu wabebavyo maiti ya chifu wao. Mpiga picha mmoja wa Afrika Kusini, Brent Stirton, alikuwapo akaipiga picha safari hiyo, na magazeti ya nchi nyingi yakaichapa. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya habari hii, na haina mzaha ndani yake.

Tangu miaka hiyo walinzi wenyewe walianza kuandika habari zao kwa intaneti, kwa msaada wa shirika la WildlifeDirect. Waliandika mambo ya kila siku: gorila fulani ameonekana, mwingine hajaonekana, tumekuta mitego, vita imetufukuza kambini, hatuna mafuta ya gari. Watu wa mbali waliwasoma, wakatuma dolari 20, dolari 50. Walinzi hao hawakuwa na mtaalamu wa matangazo. Walikuwa na kazi, na walikuwa na ukweli wa kazi hiyo.

Yatima wakajengewa makao Rumangabo, yakapewa jina la Senkwekwe. Ni mahali pa pekee duniani panapotunza gorila wa milimani waliofiwa na wazazi. Gorila wa namna hiyo wamebaki zaidi kidogo ya 1,000 tu, wote katika milima ya Kongo, Rwanda na Uganda. Watunzaji huwalisha, huwatibu, hucheza nao, hulala karibu nao. Bwana Innocent Mburanumwe, naibu wa mkurugenzi wa mbuga, alipoulizwa na wana habari mwaka 2019, alieleza kwamba gorila hao huwaona watunzaji kama wazazi wao, na kusimama kwao kwa miguu miwili ni kuwaiga. Basi hakuna aliyewafundisha kusimama ili wapigwe picha. Ilihitaji miaka 12 ya maziwa, ya dawa na ya kukesha, ndipo picha ya dakika moja ikawezekana.

Kusema kweli hata sifa inapozidi

Picha ilipoenea, watu wengi walidhani ni ya udanganyifu, kwamba ni wanadamu waliovaa ngozi. Mbuga ikajibu kwamba ni ya kweli. Lakini haikuishia hapo, na hapa ndipo tunapoisifu. Ilieleza wazi kwamba hali ya yatima hao ni ya pekee, na kwamba si ruhusa kamwe kumkaribia gorila wa porini kwa namna hiyo. Sababu yajulikana: mafua ya binadamu yaweza kumwua gorila, na kwa ajili hiyo mgeni aendaye kuwatazama Virunga hufunikwa kinywa na pua. Mfanyabiashara mwenye tamaa angalinyamaza, akawaacha wageni waje na tumaini la kukumbatia gorila, akapokea fedha zao mlangoni.

Amri ya nane ya Mungu haiwahusu waamuzi na mashahidi peke yao. Yamhusu anayeuza kwa picha vilevile. Katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano ya mwaka 2018, Papa Fransisko alizungumzia habari za uwongo zinazosambazwa, akaonyesha kwamba hushika watu kwa sababu zafanana na kweli. Tangazo baya liko hivyohivyo: laweza kuwa na picha ya kweli na bei ya kweli, na bado likadanganya kwa lile lililofichwa.

Je, picha ya Shamavu ilificha kitu? Wako waliosema kwamba mzaha wake uliwasahaulisha watu hatari. Sisi hatuoni hivyo. Tumechoka, Wakongo, kuonyeshwa ulimwenguni tukilia au tukinyosha mikono kuomba. Humo alionekana Mkongo aliyevaa nguo za kazi, aijua kazi yake, aipenda, na mbele ya wageni haombi kitu. Jambo hilo ni kweli pia, wala si dogo. Lakini kweli yote haiingii katika picha moja. Tarehe 24 Aprili 2020, mwaka mmoja baadaye, watu wenye silaha walishambulia karibu na Rumangabo, wakawaua walinzi 12, dereva mmoja na raia wanne. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini katika historia ya mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka 1925. Kurasa zilezile zilizopeleka kicheko zilipeleka msiba huo, na wale waliokuwa wamecheka waliupokea kama msiba wa watu wanaowajua. Michango kwa wajane na yatima wa walinzi yapitia njia hiyohiyo.

Jina juu ya chokoleti

Wakati huo wageni hawakuja tena, maana mbuga ilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na mwisho wa 2021 vita ya M23 ikaamka upya. Jina lililojengwa kwa ajili ya utalii peke yake lingalikufa. Lakini mbuga ilikuwa imelifunga kwa mambo mengine. Ilikuwa imejenga mitambo ya umeme wa maji: mmoja Mutwanga mwaka 2013, mwingine mkubwa Matebe, wa megawati 13 hivi, uliofunguliwa Desemba 2015. Penye umeme pakawa na kiwanda cha sabuni, kisha cha chokoleti, kule Mutwanga chini ya mlima Ruwenzori, kwa msaada wa Dominique Persoone, mtengenezaji wa chokoleti wa Brugge, Ubelgiji. Kakao ya Beni, ambayo nyingi huvuka mpaka kwenda Uganda ingali mbegu mbichi, sehemu yake ikaanza kusagwa papo hapo ilipolimwa. Chokoleti hiyo huuzwa Ubelgiji kwa jina la Virunga, na anayeinunua ni mara nyingi yule aliyejua jina hilo kwa njia ya gorila.

Hapo tuna neno la kuwaambia wenye kulitangaza jina hilo. Watu milioni nne hivi huishi mwendo wa siku moja kutoka mipaka ya mbuga. Katika vijiji vya kandokando wako wanaolalamika kwamba mababu zao walilima ndani yake, na kwamba mlinzi anayependwa Ulaya ndiye anayewanyang'anya jembe. Hatusemi kila lalamiko ni la haki. Twasema tu kwamba watu hawa nao wana simu, nao huandika, na jina haliwezi kusifiwa Brussels na kulaaniwa Rutshuru kwa muda mrefu bila moja kushinda. Mkulima wa kakao akilipwa vizuri na umeme ukifika nyumbani kwake, atalitangaza mwenyewe, tena kwa lugha yake.

Kwa wale wanaouza kwetu

Wako akina mama wa parokia wanaotengeneza sabuni, mikate na vikapu, na watoto wao huwahimiza kuingia mtandaoni. Waingie. Lakini wapige picha ya sabuni yao wenyewe, si ile nzuri zaidi waliyoikuta katika ukurasa wa kiwanda cha Uturuki. Waitie karibu na kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama kikombe au kiganja, na waandike bei yake kwa franka. Waonyeshe mikono inayokoroga na jiko linalowaka. Watu hupenda kuona kazi kuliko kitu kilichokwisha kupangwa mezani. Mtu akiuliza, ajibiwe siku hiyohiyo kwa adabu, hata kama hatanunua. Akilalamika kwamba sabuni imepasuka, asifutwe. Abadilishiwe, na wengine waone. Tena waweke daftari, waandike mega walizonunua upande mmoja na faida iliyotoka mtandaoni upande mwingine. Tunawajua watu ambao simu imekula mtaji wote wa mafuta ya mawese.

Kwa wanafunzi twaongeza neno. Msimpige picha mgonjwa, maskini wala mtoto wa jirani ili ukurasa wenu upendwe, bila ruhusa yake au ya wazazi wake. Uso wa mtu si mali yenu ya kutangazia. Na wazazi waulize, bila ukali, ni nani anayewaandikia watoto wao usiku, maana njia inayoleta wanunuzi huleta na wezi.

Ndakasi aliugua muda mrefu. Tarehe 26 Septemba 2021, jioni, alikufa Rumangabo akiwa na umri wa miaka 14, mikononi mwa André Bauma, aliyempokea mwaka 2007 na ambaye husema alimpenda kama mwana. Brent Stirton alikuwapo katika siku zake za mwisho vilevile, na picha aliyoipiga, iliyotangazwa na mbuga mwanzo wa Oktoba, ilienea pengine sawa na ile ya kicheko. Yaonyesha gorila akiwa mikononi mwa Bauma. Katika makao ya Senkwekwe alibaki Ndeze pamoja na yatima wengine, na asubuhi iliyofuata watunzaji walikwenda kuwalisha.